Samaki wa Mti: Jinsi Tulivyojifunza Kuchonga Chambo Nyumbani

Jioni moja kijana wangu alirudi nyumbani amelowa mpaka kiunoni, na mkononi ana shilingi elfu tatu. Mama yake akamwuliza, "Umezipata wapi fedha hizi?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Nimesaidia kuvuta kokoro." Nyumba nzima ikanyamaza.

Ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Victoria, kama sisi wa upande wa Mwanza, hamhitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Lakini wasomaji wa mbali na wajue kwamba kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa majini, kisha watu wengi huuvuta mpaka ufukoni. Wavu huo hauchagui. Hukokota sato, furu na sangara wachanga, na huvuruga mahali samaki wanapozalia. Sheria ya uvuvi inaukataza, nao wanaokamatwa nao hupelekwa mahakamani na wavu wenyewe hutiwa moto.

Kijana alikuwa amemaliza shule na hakuwa na kazi. Fedha ya jioni ileile ni tamu kwa mtu wa namna hiyo. Nilimkemea, naye akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Sawa, baba. Kama si kokoro, nivue kwa kitu gani? Mtumbwi wa babu upo, lakini nyavu za halali hatuna, wala fedha ya kuzinunulia hatuna."

Sikuwa na jibu. Kumwambia mtoto "Acha!" ni kazi ya nukta moja. Kumwonyesha la kufanya badala yake ni kazi ya miezi. Hadithi ninayowaletea leo ni ya miezi hiyo, pamoja na makosa yetu yote, ili wengine wanaotaka kuanza wasiyarudie.

CHAMBO KILICHOPOTEA

Usiku ule nilikumbuka jambo. Zamani kidogo nilinunua mjini chambo cha bandia, yaani samaki wa kuigiza mwenye ndoana tumboni na mkiani. Mvuvi humfunga kwenye mshipi na kumkokota nyuma ya mtumbwi, na sangara humdhania kuwa samaki mzima. Nilikilipia fedha ambazo zingetosha kununua debe la mahindi. Siku ya pili kikanasa katika mawe chini ya maji, nikavuta, mshipi ukakatika. Nilirudi nyumbani na kafi tu.

Lakini kabla hakijapotea nilikuwa nimekitazama vizuri. Kilikuwa kipande cha mti kilichopakwa rangi, na mbele yake ulimi mdogo mgumu. Basi asubuhi nikamwambia kijana, "Kile ni mti, na sisi tuna kisu. Tujaribu."

MTU WA UFINI

Msidhani kwamba jambo hili lilianzia katika viwanda vikubwa. Chambo cha namna hii kinachojulikana kuliko vyote duniani kilichongwa na mtu maskini wa kijijini. Jina lake Lauri Rapala, aliyezaliwa mwaka 1905 katika nchi ya Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Wakati wa baridi alikata magogo msituni, na wakati wa joto alivua samaki katika ziwa liitwalo Päijänne ili kulisha watoto wake.

Mtu huyu alikuwa na tabia moja njema: alipokuwa akipiga kasia alitazama majini. Aliona kwamba samaki mkubwa akiingia katika kundi la wadogo hamvamii yeyote tu. Humchagua yule anayeogelea vibaya, anayeyumba kidogo kama mgonjwa au aliyejeruhiwa. Rapala akawaza kwamba akiweza kutengeneza samaki anayeyumba hivyo, hatahitaji tena kupoteza muda akitafuta chambo hai.

Mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza kwa gome laini la mti, lile linalotumika kwa vizibo vya chupa. Alikifunika kwa karatasi ya fedha inayofungiwa chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, aliyeyusha filamu za picha akakipaka ili maji yasiingie. Kilimletea samaki. Mwaka 1962 gazeti la Life la Marekani liliandika habari za chambo chake, na maombi ya kukinunua yakamiminika kuliko vile alivyoweza kuchonga na watu wake. Alifariki mwaka 1974. Lakini desturi yake ya kukijaribu kila chambo majini kabla ya kukiuza ilibaki. Shikeni neno hilo la kujaribu majini, maana sisi tulilipuuza, na tulilipia.

CHAMBO CHA KWANZA: KIZURI WA SURA TU

Tulichukua ubao wa msonobari kutoka kasha kuukuu. Huo ni mti mzuri kwa anayeanza: ni mwepesi, nyuzi zake zimenyooka, na kisu hupita bila kugombana nao. Msufi ni mwepesi zaidi, ila ni laini mno, na ukiugonga kwenye mawe hubonyea. Mti mzito haufai. Mpingo, kwa mfano, huzama wenyewe kama jiwe.

Kijana akachonga. Baada ya siku mbili kilikuwa na umbo la samaki. Siku ya tatu, ya nne na ya tano tulizitumia kwenye rangi. Mgongo tuliupaka kijani, tumbo tuliliacha jeupe, tukaweka magamba na jicho jekundu. Majirani walikuja kutazama. Mdogo wake alikiomba akakilaze kitandani mwake.

Tulipokiweka majini kikalala ubavu kama samaki aliyekufa. Tulipokikokota kikazunguka kama pia, na mshipi wote ukajisokota. Watoto waliokuwa mwaloni walicheka mpaka wakakaa chini.

Kosa lilikuwa nini? Tulifanya nje kabla ya ndani. Samaki wa mti husimama wima kwa sababu ya uzito uliofichwa tumboni mwake, na sisi hatukuweka uzito wowote. Sangara hana haja ya kuhesabu magamba. Yeye huona kivuli kinachoyumba, na husikia mtikisiko wa maji.

CHAMBO CHA PILI, NA SAMAKI TULIYEMPOTEZA

Cha pili tulikitia risasi tumboni. Kikasimama wima, kikayumba kulia na kushoto vizuri kabisa. Tulifurahi sana. Ndoana tulizifunga kwenye skrubu ndogo zenye tundu, tulizozizungusha katika mti: moja tumboni, moja mkiani.

Asubuhi ya tatu tulipita mbele ya majabali, mahali maji yanaposhuka ghafula. Kijana alikuwa ameshika mshipi, mimi napiga kafi. Ghafula mkono wake ukavutwa mpaka kwenye ukingo wa mtumbwi. "Baba! Baba!" Mshipi ukatoka majini kwa kasi, na mara sangara akaruka juu na kutikisa kichwa. Sitasema uzito wake, maana samaki aliyepotea hukua kila anaposimuliwa. Ila alikuwa mkubwa kuliko yeyote niliyewahi kumshika kwa mshipi.

Halafu mshipi ukalegea. Tukavuta. Chambo kilirudi, lakini ndoana ya tumboni haikurudi. Skrubu ilikuwa imeng'oka katika mti, ikaacha tundu dogo jeupe.

Kijana hakusema neno njia nzima. Tulipofika ufukoni watu wa kokoro walikuwa wakikusanya samaki wao, na mmoja akamwita. Nilimwona akisimama na kutazama upande ule. Nawaambieni kweli, nilihisi kwamba ile skrubu ilikuwa imeng'oa zaidi ya samaki. Lakini akaja nyumbani. Usiku, baada ya kula, alikileta kile chambo karibu na taa, akaingiza ncha ya kisu katika lile tundu. Akasema, "Baba, mti hauwezi kumshika sangara. Chuma ndicho kinachoweza. Inafaa chuma kipite ndani kutoka puani mpaka mkiani."

Amepata mwenyewe. Nami sikuongeza neno.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Sasa nitaeleza hatua kwa hatua namna tunavyofanya leo, mwanzo mpaka mwisho.

Vifaa: kisu kikali, msumeno wa kukatia chuma, koleo, tupa, msasa, gundi ngumu ya mirija miwili inayochanganywa, vanishi, rangi kidogo, spoku nzima ya baiskeli, kipande cha bati nene la alumini kama la mfuniko wa sufuria kuukuu, na risasi ndogo za nyavu.

1. Kata ubao. Urefu sentimeta 14, kimo 3.5, unene 2.5. Chora umbo la samaki kwenye karatasi ngumu, lilaze juu ya ubao na ulifuate kwa kalamu. Kisha chora mstari wa katikati kuzunguka ubao wote, mgongoni na tumboni. Mstari huo ndio utakaokuongoza. Ukiupoteza, chambo kitakuwa na ubavu mmoja mnene.

2. Kata mifuo kabla ya kuchonga. Anayeanza hukosea hapa mara nyingi. Ubao ungali na pande nne zilizonyooka, ni rahisi kukata sawasawa. Ukishakuwa mviringo, msumeno huteleza. Kata mfuo mmoja chini ya tumbo, kutoka puani mpaka mkiani, wenye kina cha kufika katikati ya ubao. Pitisha msumeno mara mbili, bega kwa bega, ili upana utoshe spoku. Kisha kata mahali pa kuchomeka ulimi, chini ya kidevu, ukiulaza msumeno mshazari. Mkato huo usifike kwenye njia ya spoku.

3. Chonga. Kisu kiende mbali na mwili wako, na kidole gumba kisikae mbele ya makali. Toa kidogo kidogo, pande zote mbili kwa zamu: vipande vitatu kulia, vitatu kushoto. Malizia kwa tupa na msasa.

4. Kunja spoku. Kwa koleo, fanya kitanzi puani cha kufungia mshipi, kitanzi kinachotazama chini katikati ya tumbo, na kitanzi cha mkiani. Usiitie motoni ili ilainike, maana chuma kilichopashwa moto hupoteza nguvu yake. Ilaze ndani ya mfuo uone kama inakaa vizuri, lakini usitie gundi bado.

5. Pima uzito kwa ndoo. Ning'iniza ndoana zote mbili mahali pake, uzishike risasi kwa uzi chini ya tumbo, mbele kidogo ya kitanzi cha katikati, kisha weka chambo katika ndoo ya maji. Msiniulize gramu ngapi, maana kila ubao una uzito wake, na ndoo ndiyo mizani. Ongeza risasi kidogo kidogo mpaka chambo kielee kimelala sawa, tumbo chini, na mgongo ukionekana kidogo juu ya maji. Kikilala ubavu, risasi haitoshi au iko juu mno. Kikizama, umezidisha.

6. Funga vya ndani. Pondaponda risasi kwa nyundo mpaka ziingie katika mfuo. Usiziyeyushe, kwa kuwa moshi wake ni sumu, na msitumie kamwe chombo cha kupikia kwa kazi hii. Nawa mikono baadaye, na watoto wadogo wasizichezee. Changanya gundi na unga wa msumeno, ujaze mfuo wote juu ya spoku na risasi, uache mpaka kesho.

7. Chomeka ulimi. Kata bati kwa umbo la ukucha wa kidole gumba, upana kama wa mwili wa chambo, na urefu wa kutokeza sentimeta 3 hivi. Laini kingo zake kwa tupa. Hakikisha haukupinda upande wowote kabla gundi haijakauka. Ulimi ukielekea mbele, karibu kunyooka na mwili, chambo huzamia sana. Ukielekea chini, hukaa karibu na uso wa maji na kuyumba kwa nguvu.

8. Zuia maji. Mti ukinywa maji huvimba na kupasua rangi. Kipake vanishi mara tatu, kila mara ukingoja ikauke kabisa.

9. Mwisho kabisa, rangi. Mgongo mweusi au kijani, tumbo jeupe, na jicho kubwa. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hung'aa vizuri ubavuni. Kisha vanishi mara mbili tena juu ya yote. Siku moja inatosha kwa rangi. Msipoteze tatu kama sisi.

10. Kijaribu majini. Kikokote ufukoni kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kikiyumba na kwenda moja kwa moja, kiko tayari. Kikikimbilia upande mmoja, kunja kidogo sana kitanzi cha pua kuelekea upande unaotaka kiende, kisha kijaribu tena. Kwa kawaida unene wa unywele unatosha. Kikizunguka kama pia, tazama ulimi, huenda umepinda au ni mkubwa mno.

MAONYO YA KUVULIA

Mkokote samaki wenu nyuma ya mtumbwi kwa mwendo wa pole, akiwa mbali mita 30 au zaidi, karibu na majabali na mahali kina kinapobadilika. Mtasikia mtikisiko wake katika mshipi. Mtikisiko ukikoma, amenasa majani; mvuteni mmsafishe.

Msizungushie mshipi mkononi wala kidoleni hata mara moja. Sangara, aliyeletwa katika ziwa letu katika miaka ya 1950 na 1960, hukua akapita kilo 100, na mshipi wa nailoni ukikazwa hukata nyama. Tumieni kipande cha mti cha kuzungushia mshipi. Samaki akiingia mtumbwini, toeni ndoana kwa koleo, maana akijirusha ndoana ya pili hutafuta mkono wenu. Mifuniko ya mashavu yake pia ina miiba na ni mikali.

Tena leseni ya uvuvi iwepo. Sangara aliye chini ya sentimeta 50 arudishwe majini, kama sheria inavyotaka. Na hapo ndipo uzuri wa mshipi unapoonekana: samaki mchanga aweza kurudishwa akiwa hai, jambo ambalo kokoro haliwezi.

CHA TATU

Chambo cha tatu, chenye spoku ndani, kilikuwa na sura mbaya. Rangi ilikuwa imebaki ya mgongo tu, na jicho moja lilikuwa juu kuliko jingine. Tulikipeleka palepale penye majabali. Siku mbili hatukupata kitu. Siku ya tatu tulipata sangara mmoja wa sentimeta 62, kilo tatu hivi. Hakuwa yule aliyetukimbia. Lakini kijana alipomwinua mtumbwini alitazama kwanza kitanzi cha tumboni kama kimesogea. Hakikusogea.

Mama yake alimpika nusu, na nusu ikauzwa. Fedha ile ilinunua gundi na spoku nyingine.

Sitawadanganya kwamba tumetajirika. Ziko asubuhi tunazorudi mikono mitupu, na vyambo vinne tayari vimebaki katika mawe. Lakini cha tano huchongwa kwa ubao wa kasha na spoku kuukuu, si kwa debe la mahindi. Wavuvi wawili wa jirani wameagiza vyao, na kijana huwatengenezea jioni, chini ya mwembe. Kila kimoja hukijaribu majini kabla hajapokea fedha.

Juzi watu wa kokoro walimwita tena. Nilikuwa karibu nikasikia jibu lake. Aliwaambia, "Ahsanteni, ndugu zangu. Leo gundi yangu bado haijakauka."

Ninyi akina baba wenye vijana wanaokaa ufukoni bila kazi, tafuteni ubao mmoja na kisu kimoja, mkae pamoja nao. Cha kwanza kitalala ubavu, na watu watacheka. Waacheni wacheke. Tieni uzito ndani, pitisheni chuma kutoka puani mpaka mkiani, na rangi iwe ya mwisho.